Somo: Kamera, chaja na ramani zako kwenye gari la kukodi ugenini

Asalaam alaykum wanachama. Masuali ya vifaa vya gari safarini yamekuwa mengi, yamekusanywa hapa pahala pamoja. Somo linamhusu anayeondoka Unguja au Pemba kwenda Maskati, Dubai, Istanbul au London, akifika akakodi gari, na anataka kamera yake ya dashibodi, holda ya simu, chaja na ramani zifanye kazi mle ndani kama zinavyofanya kwenye Noah yake nyumbani.

Gari lako unalitoboa, unalibandika na kuliunga waya utakavyo. La kukodi ni nguo ya kuazima. Kila utakachokitia kiweze kuchomekwa na kuchomolewa kwa mkono mtupu, bila bisibisi wala gundi ya kudumu, na gari lisikikumbuke ukishaondoka. Kisichopita kipimo hicho kibaki nyumbani.

Hatua ya 1: Chagua vya kubeba

Tuanze na kamera, maana ndiyo yenye mambo. Nyingi za hapa kwetu fundi ameziunga kwenye boksi la fyuzi. Usikate waya ule. Nunua waya wa pili wenye kichwa cha tundu la sigara, na kwanza tazama tundu la kamera yenyewe: mini-USB, micro-USB au USB-C. Kamera za zamani kidogo nyingi ni mini-USB, na huo si waya utakaoupata katika kila duka la uwanja wa ndege. Urefu usipungue mita 3, kwa sababu waya utazunguka pembe ya kioo na kupita chini ya dashibodi mpaka katikati.

Kuna kosa moja linaloua kamera hapo hapo. Kamera inakula volti 5, gari linatoa 12. Kinachopunguza ni kisakiti kilichomo ndani ya kichwa cha sigara, au kile kiboksi kidogo alichokificha fundi. Mtu akikata waya baada ya kiboksi na kuunga kichwa kitupu, volti 12 zote zinaingia kwenye kamera. Haitengenezeki tena.

Kama unakwenda Ghuba, tazama pia kamera inahifadhi umeme kwa nini. Yenye betri ndogo ya lithiamu haipendi joto: gari likilala juani Maskati mwezi wa Juni, ndani hupita nyuzi 60, na betri ile huvimba mpaka gamba la kamera linafunguka. Yenye kapasita (kihifadhi umeme kidogo kisicho betri) inastahamili zaidi. Sanduku au maelezo ya kamera yatakwambia.

Memori kadi iwe ya aina inayovumilia kuandikwa upya mara nyingi, na pia yenye alama ya kasi ya U3 au V30. Hesabu yake ni hii: picha ya 1080p kwa kasi ya megabiti 15 kwa sekunde inakula karibu GB 6.75 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 64 hubeba saa 8 mpaka 9 kabla ya kuanza kufuta za mwanzo. Maskati hadi Salalah ni kama kilomita 1,000, saa 10 za njiani na zaidi. Ukitaka safari yote ibaki, chukua GB 128. Kamera ya mbele na nyuma, zidisha mara mbili.

Chaja ya gari iwe imeandikwa 12–24V, na ikiwa simu yako inachaji haraka, tafuta ya wati 30 au zaidi yenye tundu la USB-C. Pale Darajani ipime mkononi kabla hujalipa: nyepesi kama gamba la yai mara nyingi ndani hamna kitu. Bonyeza na ile ncha ya mbele. Irudi kwa springi, isikwame. Ncha iliyokwama ndiyo inayofanya simu ichaji na kuacha kila gari likipita kwenye tuta.

Hivi viache: waya wa kuunga kwenye fyuzi, kisomaji cha OBD (kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari kusoma makosa ya injini) na kigunduzi cha rada (kinachonusa kamera za mwendo za barabarani). Sababu zinakuja.

Hatua ya 2: Mzigo wa ndege

Pawabenki na betri za akiba zinakwenda kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku la chini. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri); kati ya 100 na 160 unahitaji ridhaa ya shirika la ndege. Kama pawabenki imeandikwa mAh tu, zidisha kwa 3.7 kisha gawa kwa 1,000: mAh 20,000 ni Wh 74, inapita. Yenye maandishi yaliyofutika inaweza kuzuiliwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo usiibebe kwa kubahatisha. Mashirika kadhaa yanazuia pia kuitumia au kuichaji ndani ya ndege. Soma masharti ya tiketi yako.

Chaja ya ukutani ya nyumbani, ile ya pini tatu bapa, inaingia Oman, Imarati na Uingereza bila adapta. Uturuki na Ulaya bara wanatumia pini mbili za duara.

Hatua ya 3: Kabla hujatoka kwenye maegesho ya wakodishaji

Piga picha kioo cha mbele chote, ndani na nje, na dashibodi. Alama ya duara ya mpira wa mteja aliyekutangulia itahesabiwa yako ikiwa huna picha.

Kisha pima tundu la sigara. Chomeka chaja yenye taa, zima gari, toa ufunguo, funga mlango, ngoja dakika 15. Taa ikizimika, tundu linafuata swichi ya gari na kamera italala yenyewe. Ikibaki inawaka, tundu lina umeme wakati wote, na kila ukiegesha kwa muda mrefu lazima uchomoe. Kamera ya wati 5 inavuta kama ampea 0.4. Usiku mmoja wa saa 12 ni Ah 5 (ampea-saa), betri ya gari ya Ah 45 haitajali. Siku mbili ni Ah 20, na betri iliyochoka haitawasha gari.

Magari mapya mengine hayana USB ya kizamani mbele, ni USB-C tupu. Beba waya za aina zote mbili.

Hatua ya 4: Umeme

Fyuzi ya tundu la sigara huwa ya ampea 10, 15 au 20. Ichukulie ni 10: mara volti 12, una wati 120, basi. Simu inayochaji haraka ni wati 20 hadi 30, kamera 5, friji ndogo ya kompresa 45 hadi 60. Hizo zote zinaweza kukaa pamoja kwenye kigawanyio kizuri. Pampu ya tairi peke yake inaweza kuvuta ampea 10 hadi 15, kwa hiyo ichomeke yenyewe, injini ikiwa inawaka, na kila kingine kimechomolewa.

Fyuzi ikikatika, wapigie wakodishaji kwanza. Wakikuruhusu ubadilishe, weka ya ampea ile ile: nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20. Anayeweka ya njano pahala pa nyekundu ameihamisha hatari kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya. Na usiweke sarafu kwenye kishimo chenye tundu hilo. Ikitumbukia inaunganisha chanya na hasi, fyuzi inakwenda.

Kamera ukiichomeka kwenye USB ya gari badala ya tundu la sigara, inaweza ikakuuliza kama unataka kuhamisha mafaili, isirekodi kabisa. USB ile ina njia za data, na kamera inadhani imeunganishwa na kompyuta. Tumia waya wa kuchajia tu usio na njia za data, au rudi kwenye tundu la sigara. Ikijizima na kujiwasha, USB hiyo inatoa ampea 0.5 tu, haitoshi. Na gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani huangusha volti linapojiwasha upya, kwa hiyo kamera ikianza mwanzo kila taa usiilaumu.

Hatua ya 5: Kubandika

Oman na Imarati usukani upo kushoto. Kamera ikae nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma, upande wa abiria, yaani kulia, na waya ushuke pembe ya kulia, upite chini ya droo ya dashibodi. Usiusukume waya nyuma ya plastiki ya nguzo ya kioo: ndani yake kuna eabegi ya pembeni, na waya uliopita mbele yake huizuia au unarushwa nayo. Ubanie kwenye ukingo wa mpira wa mlango kwa vidole tu.

Kioo kisafishe kwa spiriti, kikauke. Kama kamera yako ni ya gundi, tanguliza karatasi ya nailoni inayoshika kioo bila gundi, kisha gundi ishike karatasi. Siku ya kurudisha unabandua karatasi, kioo kinabaki kitupu. Mpira wa kunyonya ubandike asubuhi, kioo kikiwa baridi. Mchana wa Ghuba mpira hulainika na hewa ya ndani hutanuka, holda inaanguka miguuni mwa dereva wakati mbaya. Ubonyeze upya kila asubuhi. Hakuna mpira unaoshika kwenye zile nukta nyeusi za juu ya kioo, msijisumbue.

Magari mapya yana kamera yao nyuma ya kioo cha kati, ya kusoma mistari ya barabara na kufunga breki. Usiizibe, wala kihisi cha mvua. Dubai utakuta pia kibandiko cha Salik, cha ushuru wa barabara: usikiguse, usikifunike. Kila geti unalopita linamkata mwenye gari, naye atakukata wewe.

Simu ni bora ikae kwenye tundu la AC kuliko kwenye kioo. Apple wanasema iPhone itumike kwenye joto la nyuzi 0 hadi 35. Juani juu ya dashibodi inapita hapo upesi, hasa ikichaji bila waya. Inapunguza mwanga wa skrini, halafu inazima ramani katikati ya mzunguko wa barabara.

Hatua ya 6: Simu na skrini ya gari

Pakua ramani za nchi nzima ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi. Google Maps inakubali eneo kwa eneo, Organic Maps na OsmAnd zinashusha nchi au mkoa mzima. Kifaa cha ramani cha Garmin cha Afrika hakina ramani ya Oman mpaka uinunue.

Ukiunganisha Bluetooth, gari litaomba majina na orodha ya simu ulizopiga. Kataa. Muziki na kupokea simu vitakwenda bila ya hayo. Saa ya kamera isogeze mbele saa moja kwa Oman na Imarati. Uturuki ni saa zetu. Kamera inahesabu saa za Kizungu, kwa hiyo saa mbili ya asubuhi iandike 08:00, si 02:00. Ushahidi wenye saa mbovu unampa bima mlango wa kutokea.

Hatua ya 7: Sheria

Hapa kila nchi na lake. Ureno na Austria ni wakali kwa kamera za dashibodi, iache sandukuni. Ujerumani, mahakama kuu mwaka 2018 ilikubali picha za kamera ziwe ushahidi wa ajali, lakini ikasema kurekodi mfululizo bila sababu kunavunja faragha. Huko weka vipande vya dakika 1 na ukubali vijifute. Imarati kuingilia faragha ya mtu kwa kupiga au kusambaza picha zake bila ridhaa ni kosa kwa sheria ya mwaka 2021 ya makosa ya mtandaoni, kwa hiyo zima maikrofoni ya kamera, na ajali uliyoirekodi mpelekee polisi, usiitie kwenye magrupu ya WhatsApp.

Kigunduzi cha rada Ufaransa ni faini inayoweza kufika yuro 1,500 na kifaa kinachukuliwa. Uswisi hata ramani inayoonyesha kamera za mwendo imekatazwa. Ujerumani dereva haruhusiwi kuitumia njiani.

Uingereza kuna vipimo: mbele ya usukani, katika upana wa milimita 290, kitu kisizibe zaidi ya milimita 10 za eneo linalofutwa na waipa, kwengineko kisizidi 40. California, kifaa cha ramani kikae kwenye mraba wa inchi 5 chini upande wa dereva, au inchi 7 chini upande wa abiria. Kushika simu mkononi huku ukiendesha: Imarati dirham 800 na pointi 4, Uingereza pauni 200 na pointi 6.

Hatua ya 8: Kurudisha

Toa memori kadi kwanza. Kisha kwenye skrini ya gari futa simu yako kwenye orodha ya Bluetooth, futa pahala ulipokwenda, na kama uliingia kwa akaunti ya Google, toka. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kunamaliza yote kwa pamoja, lakini fanya ukiwa umeegesha, maana linachukua dakika kadhaa. Tazama tena tundu la sigara. Chaja ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote.

MASUALI YA WANACHAMA

Suali, Chake Chake: Shukrani kwa somo. Kwa nini kisomaji cha OBD kikatazwe? Kinasoma tu, hakiandiki.

Jibu: Pini namba 16 ya tundu lile ina umeme wakati wote, kwa hiyo kifaa kinakula betri gari likiwa limezimwa. Vilevile magari mengi ya kukodi yana kifaa cha kufuatilia kilichochomekwa pale pale au nyuma yake. Ukikichomoa ili upate nafasi, ofisini kwao inalia taarifa kwamba gari limechezewa. Na baadhi ya programu zina kitufe cha kufuta makosa; ukikibonyeza taa ya injini inazimika, gari likiharibika baadaye utaulizwa wewe.

Suali, Mkoani: Ndugu yetu anakuja kutoka Maskati kwa likizo, atakodi gari Unguja. Kirushio chake cha FM, kile cha kurushia muziki wa simu kwenye redio ya gari, kule kinafanya kazi, anaambiwa huku hakitashika. Kweli?

Jibu: Kweli kwa magari mengi. Gari lililotoka Japani lina redio ya megahetzi 76 hadi 90, mapya kidogo hadi 95. Kirushio cha kawaida kinaanzia 87.5 hadi 108. Aliyezoea kukiweka 106 hatasikia kitu. Akishushe kati ya 87.5 na 89.9, atafute pahala pasipo na stesheni, kisha redio ya gari aiweke hapo hapo. Kama redio ina tundu la AUX, waya wa milimita 3.5 ni bora kuliko kirushio chochote. Na likianza kumsemesha Kijapani kila akiwasha, asishtuke: mara nyingi ni mashine ya ushuru wa barabara za kule, inadai kadi.

Suali, Bububu: Gari la kitufe, halina ufunguo wa kuzungusha. Linasema ufunguo haupo na upo pale kwenye kishimo cha kikombe.

Jibu: Utakuta umelala karibu na chaja au juu ya sahani ya kuchajia simu bila waya. Chaja, hasa za bei poa, hutoa kelele za redio zinazofunika mawimbi dhaifu ya ufunguo. Weka ufunguo mfukoni, au sogeza chaja. Chaja za namna hiyo huleta mikwaruzo kwenye redio pia, na wakati mwengine hufanya GPS ya kamera isishike.

Suali, Wete: GPS ya kamera inashika vizuri hapa nyumbani, lakini ndani ya gari la kukodi Ulaya haikushika kabisa, na chaja ilikuwa ile ile.

Jibu: Kioo. Baadhi ya vioo vya kuzuia joto vina utando wa madini unaorudisha mawimbi. Watengenezaji huacha dirisha dogo lisilo na utando, kwa kawaida karibu na kioo cha kati kwenye eneo la nukta. Sogeza kamera iwe pembezoni mwa dirisha hilo. Ikishindikana, video bado inarekodi, utakosa mwendo na ramani tu.

Suali, Mwanakwerekwe: Pawabenki inaweza kubaki kwenye gari mchana nikiwa sokoni? Nyingi zimeandikwa mwisho wa joto la kutumika ni nyuzi 60.

Jibu: Hapana, shuka nayo. Kwenye droo ya gari lililofungwa juani namba hiyo inafikiwa, na kuichaji juu ya nyuzi 45 ni kuiumiza hata isipovimba. Ukiikuta imevimba usiichomeke wala usiitoboe, na usipande nayo ndege.

Suali, Mkunazini: Nilishabandika kwa gundi ya pande mbili bila karatasi. Siku ya kurudisha nifanyeje?

Jibu: Usiing'oe kwa nguvu. Pasha kioo kwa hewa ya moto ya gari, au acha kipate jua, gundi ilainike. Chukua mshipi wa nailoni wa kuvulia, mwembamba, uupitishe baina ya kamera na kioo, uvute kushoto na kulia kama msumeno. Masalio yasugue kwa kidole yajiviringe, kisha pangusa kwa spiriti. Yakibakia, tone la mafuta ya kupikia dakika tano, halafu sabuni na kitambaa. Wembe usiutumie karibu na nyaya nyembamba za kupashia kioo, na thina usiisogeze kwenye plastiki ya dashibodi, inaacha baka jeupe lisilotoka.